Disketi Iliyobaki Mkobani

Siku hizi kompyuta ikikuuliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko, kidole chako kinabofya "ndiyo" kabla jicho halijamaliza kusoma. Nawaona wajukuu zangu wanavyofanya wakija hapa Uru likizo. Siwalaumu. Lakini swali lile dogo nalijua tangu halijapewa sura nzuri namna hiyo, na kuna asubuhi moja lilinifanya ninyamaze kwenye simu kwa muda wa sekunde kumi hivi. Sekunde hizo nimezifikiria kuliko miaka yangu mingi ya kazi. Ninyi mnaoanza ufundi huu, ndizo ninazotaka kuwaeleza, pamoja na yale yaliyozitangulia.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na mashine za kuchapa, kwenye karakana ya Mzee Athumani pale Moshi mjini, chumba kimoja kilichonuka mafuta na wino. Mzee Athumani alikuwa mtu wa mji hasa. Baba yake alikuja na kazi ya reli akasahau kurudi kwao. Mashine ikiletwa, yeye hakushika bisibisi. Alivuta kiti, akapachika karatasi, akachapa barua nzima ya salamu kwa mtu asiyekuwepo. Mimi niliona anapoteza muda.

Mara moja ililetwa mashine ya shule moja ya Old Moshi. Mwandishi wake alilalamika kwamba karatasi inakwama katikati ya mstari. Niliifungua yote, nikaisafisha, nikaifunga, ikachapa vizuri. Ikarudi shuleni, ikakwama. Ikaletwa tena, nikaifungua tena, haikuwa na kosa. Mara ya tatu Mzee Athumani akasema twende nayo wenyewe. Tulipofika akakaa kwenye kiti cha yule mwandishi, akachapa mistari miwili, akainuka, akakunja kipande cha boksi na kukisukuma chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa imeinama upande mmoja, mashine ilikuwa inapanda mlima kila mstari. Njiani tukirudi hakunicheka. Aliniambia tu kwamba fundi akikaa kwenye kiti chake mwenyewe atatengeneza tatizo lake mwenyewe, la mwenye mashine litabaki palepale.

Niliyaelewa maneno hayo. Kuyafuata ni jambo jingine, mtaona.

Biashara zilipofunguliwa, vitu vikaanza kuingia. Maduka ya Moshi yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu yakajaa redio, pasi, halafu kompyuta zilizotumika Ulaya zikachokwa. Ofisi zilizoniletea mashine za kuchapa zikaniletea masanduku hayo yenye vioo. Mzee Athumani aliikalia ya kwanza, akachapa jina lake, akaitazama meza, akaniambia meza ni nzima, kwa hiyo hiyo si kazi yake, ni yangu. Basi nikajifunza. Nilijifunza kwa kuharibu, kwa vitabu vya kuazima, na kwa kozi moja ya wiki chache iliyofundishwa na kijana aliyekuwa ametutangulia kurasa mbili.

Sasa niwaeleze kitu kimoja cha kazi, maana bila hicho hamtanielewa. Programu si kitu kimoja. Imeundwa kwa vipande, na kila kipande kina kazi yake. Kimoja kinachora dirisha, kingine kinachapisha, kingine kinatafuta majina. Kompyuta ina rejista yake ndani, na humo kila kipande huandikwa jina lake na mahali kinapokaa. Ni kama kuhamia kijijini. Unaweza kujenga nyumba nzuri kabisa, lakini usipoandikishwa kwa mwenyekiti, siku ya mgao jina lako haliitwi. Kipande kisichosajiliwa kipo, unakiona kwa macho, lakini programu ikikiita hakiitiki. Na kuandika kwenye rejista hiyo si ruhusa ya kila mtu. Lazima uwe na haki za msimamizi wa mfumo, au uiendeshe ile amri ya kusajili kwa jina lake na pasiwedi yake.

Mwanzoni niliona masharti hayo ni usumbufu. Kulikuwa na chuo kidogo cha uhazili mjini, kompyuta sita. Kila wiki waliniita kusajili hiki au kile, kwa sababu wanafunzi hawakuwa na haki. Nikachoka. Siku moja nikawapa wote haki za msimamizi, nikarudi karakana nikijiona nimepata akili. Haukupita mwezi mmoja. Mmoja aliweka michezo, mwingine akafuta folda alilodhani ni takataka, virusi vikaingia kupitia disketi ya nyimbo, na kompyuta zote sita zikalala. Mkuu wa chuo, mama mpole sana, aliniuliza kama kompyuta nazo hupata kideri kama kuku. Nikamjibu kwamba kuku hawa niliwaachia banda wazi mwenyewe.

Toka siku hiyo nikawa mkali. Na ukali huo ndio niliopanda nao mlimani, kwenye hospitali.

Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni, huko juu migombani, barabara ya udongo. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili walikuwa na kompyuta moja ya maana, nayo ilikaa maabara. Mwanafunzi mmoja mgeni aliyejitolea pale aliwaandikia programu ya wachangia damu. Hospitali haikuwa na uwezo wa kuweka akiba kubwa ya damu. Ilichokuwa nayo ni watu, mamia ya wanakijiji waliokubali kupimwa na kuitwa siku ya shida. Programu ilihifadhi jina la mtu, kundi lake la damu, na maelezo ya kufika kwake: pita kanisani, vuka mfereji, nyumba ya pili yenye mgomba mrefu. Kipande kilichotafuta majina hayo kiliitwa "tafuta". Mwanafunzi akaenda zake kwao, programu ikabaki mikononi mwangu.

Msaidizi wa maabara aliitwa Anjela, dada kutoka Masama, mtulivu, mwandiko wake kama wa kitabu. Mwenye ofisi ng'ambo ya ukumbi alikuwa katibu wa hospitali, Bwana Materu. Huyu tulibishana tangu siku ya kwanza. Alitaka apewe haki za msimamizi kwa sababu yeye ndiye katibu. Nikamwambia haki hizo hazifuati cheo. Akataka basi pasiwedi iandikwe na ifungiwe ofisini kwake. Nikakataa, nikakumbuka kuku wangu wa chuo cha uhazili. Akataka sidii ya programu ibaki hospitalini, kwenye kabati lake, asiishike mtu ila kwa kusaini. Hapo nilichoka, nikamwachia. Niliona ni ubishi wa mzee anayetaka kufunga kitu chochote kwa ufunguo.

Nilipoweka pasiwedi mpya jioni ile, nilikuwa bado nina hasira. Nikaandika neno lililonijia. Halikupaswa kujulikana na mtu.

Masika ya mwaka uliofuata kompyuta ya maabara ilianza kuzimika ovyo. Nikapanda, nikaweka mfumo mpya, ule unaotenganisha vizuri mtumiaji wa kawaida na msimamizi, pasiwedi nikairudisha ileile. Programu ya damu nikaiweka upya kutoka kwenye sidii ya Bwana Materu, nikamrudishia, akasaini. Ikafunguka, lakini nilipobonyeza kutafuta, ikalalamika kwamba kipande cha "tafuta" hakijasajiliwa. Kisakinishi, yaani kile kinachoiweka programu kwenye kompyuta, kilikuwa cha zamani, hakikuujua mfumo mpya. Hilo halikunishtua. Nilikuwa na nakala ya kile kipande kwenye disketi yangu. Nje mvua ilikuwa imeanza, na pikapu ya kunishusha mjini ilishapiga honi mara mbili. Nikachomeka disketi, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika neno lisilotamkika, regsvr32, na jina la faili, palepale lilipo kwenye disketi. Kompyuta ikajibu kwamba imefaulu. Nikatafuta jina moja, likaja. Nikachomoa disketi, nikaitia mkobani, nikakimbilia pikapu.

Wenye ujuzi mmeshaona nilichofanya. Kwa wengine: niliiandikia rejista kwamba "tafuta" anakaa kwenye disketi. Kisha nikaondoka na nyumba yake. Na nilijaribu nikiwa nimeingia kwa jina la msimamizi, disketi ikiwa ndani, kwenye kiti changu. Sikumwita Anjela akae kwenye chake.

Siku tatu zilipita bila mtu kuhitaji kutafuta. Programu ilifunguka vizuri kila asubuhi, Anjela akaingiza majina mapya, kila kitu kikaonekana kizima. Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, simu ya karakana ililia. Alikuwa Bwana Materu. Alinisalimu kwanza, nikamwamkia, kisha akasema bila haraka kwamba kuna mama ameletwa kwa machela kutoka vijiji vya juu, amejifungulia nyumbani, damu haikatiki. Kundi lake ni O hasi. Mume na ndugu waliomleta wamepimwa, damu zao haziingiliani na yake. Mchangiaji mmoja ambaye Anjela anamkumbuka kwa kichwa, mwalimu, dereva ameshakwenda kwake na kuambiwa amehamia Arusha. Kwenye kompyuta wako wengine, lakini akibonyeza kutafuta panatokea maandishi.

Nikamwomba anisomee maandishi. Akasoma kwenye karatasi aliyoandikiwa na Anjela, herufi kwa herufi, kwa sababu hakutaka kukosea. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaufungua mkoba wangu. Disketi ilikuwa pale, kati ya kitana na leso.

Kutoka mjini hadi hospitali, kwa matope yale, ilikuwa zaidi ya saa moja kama gari lisingekwama. Bwana Materu alisema daktari hana saa moja. Njia ilikuwa moja tu. Kipande kilikuwepo kwenye sidii kabatini kwake. Kingenakiliwa ndani ya kompyuta, kikasajiliwa upya. Lakini Anjela hakuwa na haki. Lazima aingie kama msimamizi. Na simu ilikuwa ofisini kwa katibu, waya wake ukifika mlangoni tu, kwa hiyo yote ambayo ningesema yangepita kinywani mwa katibu kwenda kwa Anjela ng'ambo ya ukumbi.

"Tupe pasiwedi," akasema.

Hizo ndizo sekunde kumi. Ningependa kuwaambia nilikuwa nafikiria usalama wa mfumo. Sikuwa nafikiria usalama. Niliona aibu. Mtu anavuja damu, nami nachagua maneno ya kujitetea.

"Fundi Manka, upo?"

"Nipo. Andikeni herufi ndogo zote, bila nafasi. K, a, t, i, b, u."

Akazirudia kwa Anjela moja moja. Akasema niendelee.

"M, b, i, s, h, i."

Nilimsikia akizitaja, em, be, i, es, ha, i, kwa sauti ileile anayosomea mahudhurio ya wafanyakazi. Hakupunguza wala kuongeza. Kisha akaniambia, "Imefunguka. Sasa nini?"

Nikawaongoza. Alifungua kabati, na nasikia alisaini daftari lake hata siku hiyo, akampa Anjela sidii. Nikawaelekeza kunakili faili kwenye folda la programu, ndani ya kompyuta yenyewe. Nikawaelekeza dirisha jeusi na neno lisilotamkika. Mara ya kwanza Anjela aliruka herufi, kompyuta ikakataa. Mara ya pili ikasema imefaulu. Anjela alitaka kutafuta hapohapo, nikasikia sauti yake kwa mbali, na mimi nikamwambia Bwana Materu amzuie. Atoke kwanza kwenye akaunti ya msimamizi, aingie kwa jina lake, ndipo atafute. Dakika mbili zaidi. Bwana Materu hakubisha.

Ukiacha la yule mwalimu, yalikuja majina manne. Dereva akapewa karatasi, simu ikakatwa.

Nilifunga karakana nikatafuta gari la kupanda. Nilifika alasiri, viatu mkononi. Mama yule alikuwa amelala wodini, amewekewa damu, macho yamefumba lakini anapumua vizuri. Aliitwa Rozi, umri wa kama miaka ishirini na miwili. Mtoto wake hakuwahi kufika hospitali akiwa hai, hilo lilitokea nyumbani kabla ya machela. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ameshika sweta la njano. Nilimpa pole. Hakujua mimi ni nani, wala sikumwambia.

Anjela nilimkuta anaosha chupa. Nilimweleza kosa langu lote, disketi na haraka ya pikapu. Akasikiliza, akaniomba nimwandikie hatua zile kwenye karatasi, kwa Kiswahili, ili siku nyingine asizisikie kupitia ukumbini. Kisha akaniambia jambo ambalo nililiandika baadaye: kwamba alishayaona yale maandishi mara moja, siku ya pili, alipobonyeza kwa bahati mbaya. Akayafuta, akadhani kakosea yeye. Ndiyo maana nawaambia, mfundisheni anayetumia mashine kuwa maandishi ya kosa huandikwa kwa penseli kabla ya kufutwa, na asione haya kuyaonyesha. Anjela aliona haya kwa sababu ya ukali wangu.

Kisha nikaenda ofisini kwa Bwana Materu. Alikuwa na kikombe cha chai, akanimiminia na mimi. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Muda gani umekuwa ukinitumia?" akauliza.

"Tangu mwaka jana, mzee."

"Na kila ukija unaniandika?"

"Kila nikija."

"Basi umeniandika kuliko mke wangu alivyoniandikia barua nikiwa masomoni." Akanywa chai. Alipoweka kikombe, uso ulikuwa umebadilika. "Jina halina neno, mama. Nimeitwa mabaya zaidi hapahapa. Ninalouliza ni hili: ungekuwa umekufa barabarani, nani angelijua neno hilo?"

Miezi yote ile nilidhani tunabishana kuhusu cheo. Yeye alikuwa ananiuliza swali hilohilo, sema hakuwa ameliweka kwa maneno niliyoweza kuyasikia, nami sikuwa na masikio.

Tulichokubaliana ni kidogo, na nimekifuata kila mahali nilipofanya kazi baadaye. Mtumiaji wa kila siku hana haki za msimamizi, hapo sikulegea. Lakini pasiwedi iko kwenye bahasha iliyofungwa, sahihi mbili juu ya gundi, ndani ya kabati la dawa zinazofungiwa. Anayeifungua anaandika saa na sababu. Fundi anabadilisha pasiwedi baada ya hapo, bila kununa. Kipande hakisajiliwi kikiwa kwenye kitu kinachochomoka. Na kazi haijaisha mpaka mwenye kiti akae, aingie kwa jina lake, afanye kazi yake ya kawaida mbele yako, hata kama honi zinalia. Niliandika pia ripoti ya kosa, nikaisaini. Bwana Materu aliiweka kwenye faili, hakuisoma kwenye mkutano. Mpaka alipostaafu hatukuwa marafiki sana. Tuliendelea kubishana kuhusu printa.

Wiki mbili baadaye nilipanda tena kukagua, na Anjela akaniomba niende naye kuhakiki maelezo ya wachangiaji wachache, kwa kuwa yule mwalimu aliyehama alitutia hofu. Nyumba moja ilikuwa ya Mzee Aloisi, seremala, aliyetoa damu siku ile. Tulimkuta anapiga randa chini ya bati, kelele za mto jirani zimejaa uani. Tukamwamkia, akatukaribisha kwenye ubao. Anjela akanitambulisha kwamba mimi ndiye fundi wa ile mashine.

Akanitazama kwa udadisi. Alikuwa ameambiwa kwamba mashine ndiyo iliyomtaja, na jambo hilo lilikuwa linamsumbua. Mashine ilijuaje kwamba siku ile yupo? Watatu wengine kwenye karatasi hawakuwepo. Mmoja alikuwa shambani tambarare, mmoja mgonjwa, na wa tatu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia.

Nikamwambia mashine haikujua. Ilijua kundi la damu na njia ya kufika, basi.

"Na njia yenyewe mliiandika vibaya," akasema. "Mmeandika nyumba yenye mlango wa kijani. Mlango nimeuza. Dereva alipita mara mbili, akageuza gari arudi. Akasikia nyundo, ndipo akashuka kuuliza."

Anjela akafungua karatasi yake, akakata mlango wa kijani.

"Niandike nini hapa, mzee?"

Mzee Aloisi alifikiri kidogo, mkono juu ya randa.

Tuliporudi hospitali Anjela aliingia kwa jina lake, akatafuta, akamfungua Mzee Aloisi. Nilisimama nyuma yake nikimwangalia akichapa kwenye nafasi ya maelezo. Maneno hayo yalikuwepo bado nilipoikabidhi kazi kwa wengine, miaka mingi baadaye, na sikuona sababu ya kuyabadilisha: Zima gari. Sikiliza nyundo.